Dada Zake Kavugho

Jumatatu asubuhi, baada ya sala, mwalimu Emérence alisimama mbele ya darasa lake la tatu katika komini ya Ruwenzori, mjini Beni, akaanza kuita majina. Alipoita Kambale, nusu ya safu ya wavulana iliitika. Alipoita Masika, wasichana wa madawati ya mbele walijibu kwa pamoja kama kwaya, na mmoja akapiga chafya. Ikabidi arudi nyuma awapambanue kwa majina ya ubatizo, Siméon huyu, Éphraïm yule, kazi iliyokula muda kila asubuhi na ambayo watoto waliipenda, kwa sababu wakati huo hakuna hesabu.

Kwa Wanande mtoto hukuta jina lake linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho, wa nne ni Kahambu. Mtoto akifa hapokonywi nafasi yake, na wanaomfuata hawasogei mbele. Emérence mwenyewe alikuwa Kahambu, wa nne, na kati ya wale watatu waliomtangulia ni Kavugho peke yake aliyekuwa bado anapumua. Kwao, kule Kimemi mjini Butembo, mama yake aliendelea kuwapakulia uji wale wengine wawili. Walikuja, wakanywa, wakaondoka bila kuosha bakuli, na mama alinung'unika kama anavyonung'unika mama yeyote.

Ulikuwa mwaka 2003. Vita vilikuwa vimetua upande wa Mambasa, na barabara ya kutoka msituni ilimwaga watu Beni kila siku. Kabla Emérence hajamaliza wavulana, mtawa mmoja aliingia na msichana mfupi aliyevaa fulana ya mpira iliyomfika magotini. Mtawa akasema ni mmoja wa wale wa njia ya Mambasa, yuko na bibi yake tu, akatoka mbio kwenda kuwapeleka wengine darasa la pili.

Emérence akamwuliza jina. Msichana akafungua mdomo, lakini Siméon wa dawati la mbele alimwahi.

"Madame, huyu ni mumbuti, mutu ya pori. Bambuti haina majina."

Mwingine akataka aulizwe ni wa ngapi kwao. Darasa likaangua kicheko. Wale wa dawati lililokuwa na nafasi wakajitanua mpaka nafasi ikaisha.

Sasa, Emérence alikuwa mtu ambaye wazo likimpanda kichwani hushuka kupitia miguuni. Hakuweza kufikiri akiwa amesimama. Juma lililotangulia alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya mapadri juu ya kuishi pamoja, ambako walijifunza nyimbo, wakala dagaa wa kopo, wakapewa fulana, na tangu hapo alikuwa anatafuta mtu wa kumfanyia mema. Alizunguka meza yake mara mbili, macho yanang'aa, vumbi la chaki puani.

"Batoto, sikilizeni. Kuanzia leo huyu ni mutoto ya kwetu. Jina yake ni Kavugho."

Alilichagua kwa sababu lilikuwa jina la dada yake, naye hakuwa na zuri zaidi la kutoa. Mtu yeyote wa kwao, hata mlevi aliyelala kando ya soko, angeuliza kwanza: wako wapi wawili wa mbele? Emérence hakuuliza. Alikuwa na furaha mno. Aliwapigisha watoto makofi, akamkalisha msichana kati ya Siméon na Amina, binti wa Lukumani mwenye lori, akaanza somo la kuheshimiana huku moyo unamdunda.

Jumanne Kavugho alikuja na dada zake wawili.

Walifuatana kwenye njia ya shule kwa urefu, mkubwa mbele, majani mabichi yamenasa nywelini, wakasalimia, wakaketi. Mkubwa alikuwa na tundu chini ya mtulinga, la mviringo, safi, lililotokea mgongoni. Siméon, ambaye sasa alikuwa nyuma yake, alinyosha kidole kulalamika kwamba haoni ubao. Emérence akamwambia asogee kidogo. Siméon akasogea, akagundua kwamba kupitia tundu lile anaweza kusoma hesabu yote ya kuzidisha, hakulalamika tena. Wa pili alikuwa amekufa kwa surua wakati wa kukimbia, na alikohoa mpaka mapumziko.

"Basoda bakuya mwezi wa kumi," mkubwa alisema alipoulizwa, kwa sauti ya mtu anayeeleza nyumba yao iko wapi. "Miye nikabaki kule. Sasa mumetuita, tumekuya."

Hakuna aliyeshtuka. Tangu vita vianze, nyumba nyingi za Beni zilikuwa na mtu wa namna hiyo. Mkurugenzi wa shule, mzee Ananie, aliuliza tu kama watakuja na sare, na kwa kuwa mmoja alikuwa masika wa Kavugho na mwingine kavira wake, wakaitwa hivyo: Masika na Kavira. Emérence aliporudi darasani alikuwa karibu kucheka peke yake. Alikuwa amempa mtoto jina, na jina limemletea jamaa. Mafunzoni hawakuwaambia kwamba jambo hili linafanya kazi haraka kiasi hicho.

Siku ile ile mchana bibi yao alifika na asali iliyofungwa kwenye jani. Alikuwa mwanamke mdogo, mgongo umepinda, anayetembea kama mtu anayesikiliza. Aliwakuta wajukuu zake uani, akawashika mmoja mmoja usoni, akawaita kwa lugha yake. Emérence aliyasikia majina aliyoyataja lakini hakuyashika. Alikuwa analia, na mtu anayelia hashiki kitu.

"Umeniletea batoto, Madame," bibi alisema. "Usibarudishe."

Emérence akaahidi. Aliahidi kwa mikono yote miwili, asali inamtiririka hadi viwikoni.

Majuma yaliyofuata, shule nzima ilipagawa kwa furaha. Masika alijua kusokota kamba ya kuruka kutoka mti unaotambaa, kamba isiyokatika hata wakirukia watoto kumi. Kavira alikuta nyuki kwenye dari ya ofisi ya mkurugenzi, akapanda, akazungumza nao, akashuka na masega, na mzee Ananie akala la kwanza. Kisha dada watatu wakawafundisha watoto kuimba kwa namna ya kwao. Kila mtoto alipewa kipande chake kidogo cha sauti, hakuna aliyepewa cha mwenzake, na ole wake aliyejaribu kuimba cha jirani. Mwanzoni ilikuwa fujo tupu. Siku ya tatu vipande vikakutana, mabati yakaanza kutetemeka, popo wakatoka mchana kweupe, na mama wawili waliokuwa wanapita na mikungu ya ndizi wakaitua chini, wakasikiliza mpaka mwisho. Emérence alizunguka meza yake hadi akapata kizunguzungu. Alisema wazi, mbele ya darasa, kwamba hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu aanze kufundisha. Hata Siméon, aliyesema Wambuti hawana majina, sasa alipigana na Éphraïm kwa ajili ya nafasi ya kukaa nyuma ya tundu.

Mapadri walikuwa wameandaa siku ya amani kwa shule za miji miwili, na darasa la tatu likaitwa kucheza mpira na shule moja ya Mususa, huko Butembo. Lukumani akajitolea lori lake. Alikuwa Mwislamu mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyeijua barabara ile shimo kwa shimo, na mapadri walimpenda kwa sababu hakuwahi kuchelewa, hata Ijumaa. Aliwatazama Masika na Kavira wakipanda, akatikisa tairi kwa mguu.

"Hawa haiko na uzito," akasema. "Bapande hata juu ya kabini. Amina, we kaa ndani."

Amina hakukaa ndani. Alikaa juu na wenzake, na lori likaondoka Beni likiimba. Waliziacha nyuma kakao na joto, wakapanda milima ya mikaratusi, upepo ukawa wa baridi, na watoto ambao hawajawahi kuvuka daraja la mto wao walipiga kelele kila walipoona ng'ombe. Maboya palikuwa na kizuizi cha kamba. Mwanajeshi aliyefunga kitambaa kichwani aliwashusha wote, akataka kujua nani ni mtu wa wapi. Wanande akawapitisha. Lukumani aliulizwa maswali mengi, kama kawaida, akayajibu kwa unyonge wa kawaida. Alipofika kwa Masika, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa, akakipangusa kwenye suruali.

"Bakufi bafutaka te," akasema kwa Kilingala, yaani wafu hawalipi, akamwacha apite. Kavugho, aliyekuwa hai, alishikwa mkono na kuulizwa mara mbili Mambasa wamemwacha nani. Emérence alieleza mpaka sauti ikakwama kwamba huyu ni Kavugho, mtoto wao, na jina lile likamfungulia kamba. Walipokuwa tena juu ya lori, alimkumbatia msichana akamwuliza kama ameona jinsi jina linavyofaa. Msichana akasema ndiyo, Madame.

Uwanja wa Mususa uko kwenye mteremko, na wenyeji huchezea upande wa juu. Emérence aliwajua nusu ya watazamaji. Mwalimu wa timu ile, Godelive, alikuwa rafiki yake wa Kimemi tangu wakiwa na meno ya maziwa. Kwa sababu ya urefu, Masika aliwekwa golini. Ikadhihirika kwamba mpira ukimfikia hupunguza mwendo wenyewe, husimama hewani mbele ya kifua chake, na kusubiri achukuliwe. Wenyeji walipiga kwa nguvu, wakapiga kwa ujanja, mmoja akapiga kwa hasira, na mpira ulifanya adabu ileile. Upande wa pili Kavugho, mfupi, akipita chini ya mikono ya watu, alifunga goli moja, kisha la pili. Emérence alikimbia kandokando ya uwanja viatu mkononi, akipayuka kama mwendawazimu. Lukumani alipiga honi ya lori mpaka betri ikalegea. Watoto wa Beni walimbeba Masika juu, naye kwa kuwa hana uzito alikwenda juu kuliko walivyokusudia, wakalazimika kumvuta kwa miguu.

Wenyeji wakakata rufaa. Hawakulalamika kwamba golikipa ni maiti. Mapadri walikuwa wameandika kanuni, na kanuni hazikusema lolote juu ya wafu. Godelive mwenyewe alikubali kwamba kama ni hivyo, nao wana wafu wao ambao wangeweza kuwaleta. Lakini mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi nyuma ya goli alisimama, akapangusa mikono.

"Masika ni mutoto yangu," akasema. "Nilimuzaa, nikamuzika. Huyu wa mu pori anabeba jina ya mutoto yangu juu ya nini?"

Kisha watu wakaanza kukubaliana naye, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama watu wanaokumbuka kitu walichosahau mezani. Godelive alimshika Emérence kiwiko. Akamwuliza kwa sauti ya chini, kwa nini umefanya hivi, si ungewapa majina ya watakatifu tu? Watoto walipewa mpira mpya ambao walikuwa wameushinda, wakarudi wakiimba njia nzima, lakini neno lilikuwa limefika Beni kabla ya lori.

Mkutano wa wazazi ulifanyika Jumamosi, darasani mwenyewe, watoto wakiwapo. Mwenyekiti, papa Malachie, aliuza misumari na mabati, na mabati ya darasa lile yalitoka dukani kwake bila mtu kumwomba. Hakuwa mtu mbaya. Mwanawe Paluku alikufa kwenye barabara ya Butembo, naye humtembelea baba yake kila Jumapili baada ya misa. Alisema hana neno na wafu. Alisema hata Wambuti, nao wameumbwa na Mungu, wasome.

"Mais, jina yetu iko na shamba ndani," akasema. "Leo unamupa jina. Kesho anakuya kuuliza mupaka iko wapi. Donc jina irudi. Ni ile tu."

Wazazi wakaunga mkono. Mzee Ananie, ambaye bado alikuwa na asali kwenye kabati, alitazama sakafu, kisha akamwagiza Emérence alirudishe jina pale pale, kwa kuwa ni yeye aliyelitoa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Yake alikwisha kuyasema.

Emérence alikwenda mbele ya dawati. Kwa mara ya kwanza miguu yake haikutaka kuzunguka.

"Kavugho si jina yako tena," akamwambia msichana.

Dada wakubwa wakasimama. Hawakuwa na hasira. Mkubwa alianza kumtoa mdogo wake majani nywelini, kama mtu anayetayarisha mtoto kwa safari, na ukuta wa matofali ukaanza kuonekana si kupitia tundu tu bali kupitia bega, kupitia shavu. Msichana akawashika vitambaa walivyojifunga kwa mikono miwili. Kitambaa kimoja kikabaki mkononi, mwenyewe akiwa hayumo. Siméon akaanza kulia kwa sauti, akisema Madame, Madame, wanaenda.

Hapo ndipo Emérence alipopiga magoti na kuuliza kitu alichopaswa kuuliza siku ya kwanza. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Kwenu, unaitwa nani?"

"Andibo."

"Na hawa?"

"Mukubwa ni Undele. Huyu ni Masoi." Msichana alivuta pumzi. "Kwetu hapana hesabu batoto, Madame. Tunabaita tu."

Emérence akasimama, akaita kama anavyoita kila asubuhi, kwa sauti ya kufika barabarani. Undele. Sauti ikajibu kutoka ndani ya kitambaa: "Présente." Masoi. Kikohozi, na présente. Andibo. Mashavu yakarudi, bega likarudi, tundu likabaki mahali pake. Watoto wakalipuka. Walipiga madawati kwa viganja, walirukaruka, waliyaita majina yale matatu tena na tena mpaka yakawa wimbo wenye vipande, na mabati ya Malachie yakatetemeka. Bibi aliketi chini palepale mlangoni, akafunika uso. Emérence alizunguka meza yake, akazunguka tena, akamkumbatia mzee Ananie, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika.

Malachie naye alipiga makofi. Alipangusa jicho, kwa kweli lilikuwa limelowa. Jina limerudi, akasema, watoto wamebaki, kila mtu amepata chake, hivi ndivyo watu wanavyokaa pamoja. Kisha akasema kuna kitu kidogo kingine ambacho wazazi wamekizungumza, si cha kugombania, atakileta mwenyewe.

Jumatatu alikileta. Kilikuwa kikombe kipya cha plastiki, cha kijani, kigumu, kizuri kuliko kile cha shule kilichokwisha kutafunwa ukingo. Uani kulikuwa na pipa la maji ya kunywa lililofungwa kwenye nguzo. Malachie alipigilia msumari wake mwenyewe upande wa pili wa nguzo, akakitundika, akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama kimekaa sawa.

"Bakunywe ya yabo, bila kusumbuliwa," akamwambia Emérence. "Nimechagua ya kijani juu banapenda pori."

"Asante, papa," Emérence akasema.

Asubuhi ile alifundisha vizuri kuliko siku zote. Aliwauliza watoto kama watu wote ni sawa, na darasa likapiga kelele ndiyo. Aliwauliza kama anayeimba kipande tofauti anaharibu wimbo, likapiga kelele hapana. Wakati wa mapumziko walicheza na mpira mpya, Undele golini, Siméon na Amina wakimning'inia mabegani, na walipotoka jasho wakakimbilia pipani wote pamoja wameshikana mikono. Pale wakaachana. Upande mmoja mstari ulizunguka hadi nyuma ya vyoo. Upande wa pili Andibo alichota, akanywa, akampa Masoi. Masoi akanywa, akampa Undele. Undele, ambaye tangu afe hajawahi kusikia kiu, alikunywa mpaka mwisho, akasuuza kikombe, akakirudisha msumarini. Hakuna mtoto aliyesema neno baya. Éphraïm alimwambia Undele kwamba kikombe chao ni kizuri.

Emérence alikuwa amepayuka asubuhi nzima, na koo lilikuwa limemkauka. Alifika pipani. Upande wa kijani hapakuwa na mtu. Andibo alikuwa amesimama karibu, anapangusa mdomo kwa fulana yake, anamtazama kwa uso wa mtoto anayempenda mwalimu wake. Langoni Malachie alikuwa bado anaongea na mzee Ananie, na wote wawili walikuwa wamegeuka upande huu.

Watoto wa mstari mrefu wakampisha, kama wanavyompisha mwalimu siku zote. Alipokea kile kikombe kilichotafunwa ukingo, akanywa. Maji yalikuwa baridi. Akapiga kengele, na watoto wakaingia darasani wakikimbia.